Kitenzi cha Kicherokee Kinapokugomea: Kutafuta Kosa katika Wakati Uliopo

Umeandika sentensi yako ya Kicherokee, umeipitia mara tatu, kila silabi iko mahali ulipofundishwa kuiweka, na bado anayeijua lugha anatikisa kichwa. Kosa karibu kila mara limejificha ndani ya kitenzi, na makosa yenyewe si mengi. Ni yale yale yanayojirudia. Nimeyapanga hapa kwa dalili: angalia kinachokutokea, kisha fuata chanzo chake.

Ninamwandikia mtu aliyekulia Kiswahili. Makosa yetu hayafanani na ya mtu aliyekulia Kiingereza. Sisi neno refu halitutishi. "Hawakutuandikia" tulilisema kabla ya kwenda shule. Tunajua kulikata neno na kuona kila kipande kinafanya kazi gani. Ustadi huo unasaidia sana katika Kicherokee, na ndio pia unaotuponza, kwa sababu tunakata pale Kiswahili kinapokata.

Kicherokee ni lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, ya familia ya lugha iitwayo Iroquois, tawi la kusini, na katika tawi hilo imebaki peke yake. Makao yake ya asili ni milima ya kusini ya Appalachia. Baada ya Wacherokee kuhamishwa kwa nguvu kwenda magharibi mwaka 1838 na 1839, wasemaji wengi wako mashariki ya Oklahoma, kuzunguka mji wa Tahlequah, na wengine wako North Carolina, kwa wale ambao hawakuondoka milimani. Mwaka 2019 makabila matatu ya Wacherokee kwa pamoja yalitangaza hali ya dharura kwa ajili ya lugha yao, kwani waliokulia wakiisema walikuwa wamebaki takribani 2,000, wengi wao wazee. Ndiyo maana nahimiza mtu ajikague kwanza nyumbani: muda wa mzee anayekusahihisha ni mali.

Kabla ya dalili, neno kuhusu maandishi. Ninatumia herufi za Kilatini kwa sehemu kubwa; alama nyingine utakazoziona hapa na pale ni za maandishi ya Kicherokee yenyewe. Herufi v hapa ni irabu, sauti ya puani isiyo na mwenzake katika Kiswahili. Ts wengi huitamka karibu na j, na wengine huiandika hivyo. Gw mahali pengine utaikuta qu. Alama ' ni mkato mdogo kooni, kama pumzi imebanwa kisha ikaachiwa.

Dalili: unatafuta -na- na huioni

Chukua tsiwoniha, ᏥᏬᏂᎭ, "ninasema". Mswahili anaanza kukata: tsi- ni nafsi, sawa. Baada ya nafsi lazima ije alama ya wakati, kwa hiyo -wo- itakuwa ndugu ya -na-. Kisha anabeba hiyo -wo- na kuipachika kwenye kitenzi kingine, na hapo neno linakufa.

Kicherokee huweka nafsi mwanzoni kama sisi, ila wakati na hali huviweka mkiani. Kati ya nafsi na mzizi hakuna alama ya wakati hata moja. Linganisha:

tsiwoniha, ninasema
hiwoniha, unasema
gawoniha, anasema
aniwoniha, wanasema

Kinachobadilika ni tsi-, hi-, ga-, ani-. Kinachobaki ni -woniha, na ndani yake mzizi umeshaungana na mkia wa wakati uliopo.

Hapa huzaliwa kosa la pili, dogo lake. Mtu akishaelewa kwamba wakati uko mkiani, anafurahi na kusema: basi -ha ndiyo -na- yao. Anaibandika kila mahali. Lakini tazama: gawoniha, anasema; agi'a, anakila; ega, anaenda; alisdayvhvsga, anakula chakula. Vitenzi vinne, mikia minne: -ha, -'a, -ga, -hvsga. Mkia si alama inayong'oka na kuhamia kokote. Kila kitenzi kina mashina yake, na wanaokichambua Kicherokee kwa kawaida huhesabu matano: la jambo linaloendelea sasa, la jambo lisilotimia, la jambo lililotimia, la papo hapo, na lile linalofanya kazi kama ya ku- yetu katika "kusema". Wakati uliopo unatumia moja tu kati ya hayo.

Habari njema ni kwamba kutoka shina la sasa kwenda shina la jambo lisilotimia kuna njia inayotabirika kiasi. Wenye -ha na -'a mara nyingi huenda kwenye -sg-: gawoniha, gawonisg-; agi'a, agisg-. Wenye -sga hubaki na -sg-, wenye -ga hubaki na -g-. Kwenda shina la jambo lililotimia, usibahatishe. "Alisema" ni uwonisv'i, na "alikula" ni ulisdayvnv'i. Kwenye wakati uliopo hakuna kinachokuonyesha kwamba moja litachukua s na jingine n. Hayo hukaririwa.

Dalili: unasema "mimi", wanasikia "yeye"

Hili ndilo kosa ninalotaka usome polepole, maana mimi mwenyewe nilikaa nalo muda mrefu bila kujua liko wapi.

Umejifunza kwamba gawoniha ni "anasema". Ga- ni yeye. Kesho yake unasoma galisdayvhvsga na unatafsiri "anakula". Kumbe mwandishi alisema "ninakula". Unarudi kwenye somo, unaona tsi- ni mimi, unajaribu tsilisdayvhvsga, na hakuna anayekuelewa.

Chanzo ni irabu. Kiambishi cha "mimi" katika kundi la kwanza la viambishi kina sura mbili. Kabla ya konsonanti ni tsi-. Kabla ya irabu ni g- tupu. Kiambishi cha "wewe" vivyo hivyo: hi- kabla ya konsonanti, h- kabla ya irabu. Sasa, shina la "kula chakula" linaanza na irabu a: -alisdayvhvsga. Kwa hiyo mimi ni g + alisdayvhvsga, wewe ni h + alisdayvhvsga, na yeye ni alisdayvhvsga, ambapo kiambishi chake kimemezwa na a ya shina. Shina la "kusema" linaanza na w, kwa hiyo mimi ni tsi-, na ga- inabaki kuwa ya yeye.

Kwa hiyo ga- mwanzoni mwa neno inaweza kuwa "yeye" wa kitenzi cha konsonanti, au "mimi" wa kitenzi kinachoanza na a. Huwezi kuamua kwa kuitazama tu. Sisi tunajua jambo linalofanana: "wa" ya "wanasema" na "wa" ya "watu" si kitu kimoja, ila muktadha unatusaidia. Hapa pia unahitaji ushahidi wa ziada.

Ushahidi huo ni rahisi kuupata. Uliza umbo la "wewe" au la "wao". Kama "wewe" ni hi-, kitenzi ni cha konsonanti, na ga- ni yeye: hiwoniha, gawoniha. Kama "wewe" ni ha-, shina linaanza na a, na ga- ni mimi: haditasga, unakunywa, gaditasga, ninakunywa, aditasga, anakunywa. "Wao" nao husema ukweli: kabla ya konsonanti ni ani-, kabla ya irabu ni an-. Aniwoniha upande mmoja, anaditasga upande mwingine.

Ugumu unazidi kwa sababu kamusi za Kicherokee kwa kawaida huorodhesha kitenzi kwa umbo la "yeye" la wakati uliopo, na "yeye" ana sura mbili hata kwenye vitenzi vya konsonanti: ga- kwa baadhi, a- kwa vingine. Agi'a, "anakila", inaanza na a, lakini hiyo a ni kiambishi, si shina. Mimi ni tsigi'a, wewe ni higi'a, wao ni anigi'a. Aditasga pia inaanza na a, lakini hiyo ni ya shina. Mbele ya macho maneno haya mawili yanafanana mwanzo. Ukijenga "mimi" kutokana na "yeye" pekee, utapatia mara moja na kukosea mara inayofuata.

Kwa hiyo sijifunzi tena kitenzi kwa umbo moja tu. Kila kitenzi kipya naandika maumbo mawili, yeye na mimi, kwenye mstari mmoja wa daftari: aditasga, gaditasga. Agi'a, tsigi'a. Ega, gega. Gawoniha, tsiwoniha. Ukiwa na hayo mawili, nafsi nyingine zote za kundi hilo unaweza kuzijenga bila kubahatisha. Ukiwa na moja tu, huna kitu. Kama kuna ushauri mmoja wa kuchukua kutoka kwenye maandishi haya yote, ni huo.

Dalili: viambishi vyote viko sawa, lakini kitenzi kinakataa tsi-

Umetaka kusema "nina njaa", ukaandika tsiyosiha. Jibu sahihi ni agiyosiha, ᎠᎩᏲᏏᎭ. Umetaka "ninataka", ukaandika gaduliha. Sahihi ni agwaduliha, ᎠᏆᏚᎵᎭ.

Vitenzi vya Kicherokee vimegawanyika makundi mawili ya viambishi vya nafsi. Kundi la kwanza ni lile la tsi-, hi-, ga-. Kundi la pili lina agi- kwa mimi (agw- kabla ya irabu), tsa- kwa wewe, u- kwa yeye, uni- kwa wao. Uyosiha, ana njaa. Tsayosiha, una njaa. Uduliha, anataka, unaduliha, wanataka, na hiyo a baada ya n tena inakuambia kwamba shina ni -aduliha.

Mswahili ana njia nzuri ya kulihisi kundi la pili. Sisi husema "njaa inaniuma", "usingizi umenishika", "baridi inanipiga". Mtu mwenye hali hakai mahali pa mtendaji, anakaa mahali pa mtendwa: -ni-. Kundi la pili lina harufu hiyo. Na si mfano wa kubuni tu. Chukua kitenzi cha kuona. Agowatiha, anakiona. Tsigowatiha, ninakiona. Lakini agigowatiha ni "ananiona", na tsagowatiha ni "anakuona". Agi- na tsa- za kundi la pili ndizo hizo hizo zinazombeba mtu anayetendewa na "yeye". Nilipoliona hilo, agiyosiha iliacha kuwa neno la kukariri tu.

Lakini usiifanye kuwa sheria. "Ninafanya kazi" ni dagilvwisdaneha na "anafanya kazi" ni dulvwisdaneha, kundi la pili, na hakuna anayeweza kusema kwamba mfanyakazi ametulia akitendewa. Hisia inakusaidia kukumbuka, haikusaidii kutabiri. Umbo la yeye na mimi katika daftari lako litakuonyesha kundi papo hapo: ukiona u- na agi-, ni la pili.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa hata wanaojua makundi yote mawili. Unasoma hadithi, unakutana na uwonisv'i, "alisema", unaona u-, unahitimisha kwamba kusema ni kitenzi cha kundi la pili, kisha unaandika uwoniha kwa "anasema". Hapana. Wakati uliopita uliojengwa juu ya shina la jambo lililotimia huchukua kundi la pili hata kwa vitenzi ambavyo wakati uliopo ni vya kundi la kwanza. Gawoniha leo, uwonisv'i jana. Tsiwoniha leo, agiwonisv'i jana. Kwa hiyo hadithi za zamani si mahali pa kuchunguza kundi la kitenzi. Chunguza kwenye wakati uliopo.

Dalili: umesema "tunaenda", wakauliza ni nani na nani

Kiswahili kina "tu-" moja, na muktadha unamaliza mengine. Kicherokee hakikubali. Kinataka kujua mambo mawili: mko wawili au zaidi, na unayezungumza naye yumo au hayumo. Kwa hiyo "tunaenda" ina majibu manne:

inega, wewe na mimi
osdega, mimi na mwenzangu mmoja, wewe hukuhusishwa
idega, sisi sote, na wewe umo
otsega, mimi na wenzangu, wewe haumo

Upande wa "nyinyi" kuna sdega kwa wawili na itsega kwa zaidi. Kabla ya konsonanti viambishi hivi vinapata i: iniwoniha, osdiwoniha, idiwoniha, otsiwoniha.

Kosa la kawaida la Waswahili ni kushika idega na kuitumia kwa "tu-" yote. Ukimwambia mgeni idega umemwalika. Ukimwambia otsega umemwambia abaki. Si kosa la sarufi tu, mtu anaweza kuinuka na kufuata gari lenu. Ninapoandika zoezi, najilazimisha kwanza kuandika majina ya watu pembeni ya sentensi. Bila majina siwezi kuchagua kiambishi.

Katika kundi la pili nafsi hizi zina sura nyingine: gini-, ogini-, igi-, ogi-. Kwa "nyinyi" sdi- na itsi- zinabaki zile zile katika makundi yote mawili.

Dalili: umesema jambo la kila siku, wao wanatazama dirishani

"Baba anakunywa kahawa." Katika Kiswahili sentensi hii inaweza kumaanisha kikombe kiko mkononi sasa, au kwamba baba ni mtu wa kahawa. Aditasga ya Kicherokee kwa kawaida ni ile ya kwanza: sasa hivi, mbele yetu. Ndiyo maana msikilizaji anageuka kutafuta huyo baba yuko wapi.

Kwa mazoea, tumia shina la jambo lisilotimia na mkia -o'i: aditasgo'i. Hiyo ni hu- yetu kabisa, "hunywa". Gawonisgo'i, husema. Ego'i, huenda. Tofauti na hu- ni kwamba nafsi inabaki: tsiwonisgo'i, mimi husema. Shina hilo hilo na mkia -v'i linakupa "alikuwa akisema", gawonisgv'i, kwa jambo ulilolishuhudia mwenyewe, na -e'i kwa lile ulilosimuliwa, gawonisge'i. Hilo la mwisho lingestahili makala yake.

Mtu wa mwambao aliyezoea kutofautisha "husoma" na "anasoma" ana faida kubwa hapa. Aliyezoea kutumia -na- kwa kila kitu itabidi ajiulize kila mara: ni sasa, au ni desturi?

Vitenzi vya hali, kama kujua au kukaa mahali, havina shida hii. Tsinela, "ninaishi", na hinela, "unaishi", hutumika hivyo hivyo kwa makazi ya siku zote.

Dalili: umekanusha, sentensi inasikika imekatika

Umeweka tla mwanzoni, ukadhani umemaliza: tla tsiwoniha. Kukanusha kuna vipande viwili, kama "ha-" yetu na "-i" ya mwisho katika "hasemi". Tla mbele, na yi- juu ya kitenzi, kabla ya nafsi: tla yitsiwoniha, sisemi. Tla yigega, siendi.

Nafsi ikianza na irabu, i ya yi- huanguka: tla yagwaduliha, sitaki, tla yuduliha, hataki, tla yega, haendi. Kama umeandika yiagwaduliha, tatizo lako ni hilo tu.

Dalili: kuna kitu mbele ya nafsi na hukitambui

Yi- si peke yake. De- huonyesha wingi wa vitu vinavyotendwa, na baadhi ya vitenzi huwa nayo siku zote: detsinogi'a, ninaimba; dekanogi'a, anaimba; daninogi'a, wanaimba. Ona jinsi de- na ani- zilivyoungana kuwa dani-, na de- na u- kuwa du- katika dulvwisdaneha. Ukilitafuta neno hilo kwenye kamusi chini ya lv, hutalipata. Na ile ka ya dekanogi'a ni ga- iliyokutana na h ya mzizi.

Wi- huelekeza jambo mbali na msemaji: wigega, ninaenda kule.

Inayosumbua ni tsi- ya pili. Mbali na tsi- ya "mimi" kuna tsi- inayofanya kazi kama "-ye-" ya "anayesema": tsigawoniha, yule anayesema. Kipimo: angalia kinachofuata. Kama baada ya tsi- unakuta kiambishi cha nafsi kingine, kama ga- hapa, hiyo tsi- si mimi. Kama unakuta mzizi, ni mimi.

Dalili: "ninakuona" imekuwa na viambishi viwili na hakuna anayeielewa

Sisi tuna ni-na-ku-ona: mtendaji, wakati, mtendwa, mzizi, kila mmoja kwenye kiti chake. Mwanafunzi anachukua tsi- na tsa- na kuvifuatanisha. Kicherokee huyeyusha mtendaji na mtendwa kuwa kiambishi kimoja. Gv- ni mimi kwako: gvgowatiha, ᎬᎪᏩᏘᎭ, ninakuona. Sgi- ni wewe kwangu: sgigowatiha, unaniona. Huwezi kuvikata zaidi ya hapo. Vichukue vizima, viandike kwenye ukurasa wake.

Dalili: "ana" ni sahihi kwa mkate, si sahihi kwa paka

Hapa kosa haliko kwenye kiambishi, liko kwenye uchaguzi wa kitenzi chenyewe. Kwa vitenzi vya kuwa na kitu, kukishika au kukikabidhi, Kicherokee kinagawa vitu katika aina tano: vyenye uhai, vinavyopindika kama nguo, virefu vigumu, vimiminika, na vinginevyo, ambavyo mara nyingi ni vya umbo la bonge. Wesa ukaha, ana paka. Kawi uneha, ana kahawa. Asulo una'a, ana suruali. Gadu uha, ana mkate. Virefu vigumu navyo vina kitenzi chao.

Msomaji atasema: ni ngeli. Ni ndugu wa ngeli, lakini ngeli zetu zimeshikamana na jina. "Kiti" ni ki- hata kikivunjika. Hapa kinachoangaliwa ni umbo la kitu kilichoko mkononi. Swali la kujiuliza si "neno hili ni la kundi gani", bali "kitu hiki kinakaaje mkononi".

Dalili: umekisoma sawa, lakini hukisikii wanaposema

Irabu ya mwisho, na wakati mwingine silabi nzima ya mwisho, huanguka katika mazungumzo ya kawaida. Tsiwoniha inakuwa tsiwoni, agwaduliha inakuwa agwaduli. Usidhani ni wakati mwingine wa kitenzi. Irabu fupi za katikati nazo hupotea.

Toni na urefu wa irabu vinabeba maana, na maandishi hayavionyeshi. Alama za silabi alizokamilisha Mcherokee Sequoyah mwaka 1821, ambazo leo zinatumika 85, ziliwawezesha Wacherokee kusoma na kuandika ndani ya miaka michache tu, na kufikia 1828 walikuwa na gazeti lao, Cherokee Phoenix. Ni kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Lakini ni maandishi ya watu wanaoijua lugha tayari, kama vile msomaji wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu alivyojua mwenyewe irabu ipi isomwe pale isipowekwa. Kwa toni, sikiliza wazee. Hakuna njia nyingine.

Kuna kosa moja la kompyuta linalofanana na kosa la sarufi. Unatafuta ᎡᎦ kwenye kamusi ya mtandaoni na unaambiwa hakuna. Angalia kama uliandika herufi R ya Kilatini badala ya Ꭱ, ambayo ni e. Ꭰ inafanana na D lakini ni a. Ꮃ inafanana na W lakini ni la. Kwa macho ni sawa, kwa mashine ni vitu tofauti. Kama unaona vijisanduku vitupu, ni fonti inakosekana. Noto Sans Cherokee ni ya bure.

Sentensi moja, tangu kosa hadi usahihi

Wewe na mkeo mko kwa mwenyeji, ameshika birika, na mnataka kumwambia "hatutaki kahawa". Umeandika: tla idiwaduliha kawi.

Kwanza kundi. Daftari linasema uduliha, agwaduliha: u- na agw-, kundi la pili. Idi- ni ya kundi la kwanza, inatoka. Pili, irabu. Unaduliha inaonyesha shina ni -aduliha, linaanza na a. Hiyo w uliyoiongeza haina kazi. Tatu, watu. Mko wawili, na mwenyeji unayezungumza naye hayumo. Kundi la pili, wawili bila msikilizaji: ogini-, na kabla ya irabu ogin-. Oginaduliha. Nne, kukanusha. Tla ipo, yi- haipo. Oginaduliha inaanza na irabu, kwa hiyo i ya yi- inaanguka.

Tla yoginaduliha kawi.

Na kama mwenyeji ameshatoka, mmebaki wawili mezani, na unataka kumwambia mkeo "wewe na mimi hatutaki kahawa": tla yiginaduliha kawi.